Impreza WRX ya mwaka gani? Mwongozo kamili wa kuchagua kati ya ya zamani na ya karibuni kwa sie tunaokaa kisiwani

Assalam aleikum wapenzi wa Subaru. Suali ninaloulizwa kuliko yote, gereji, msikitini, mpaka harusini, ni hili: "Kaka, nina pesa zangu kiasi fulani, nichukue Impreza ya 2003 ibakie chenji ya kuitengeneza au nijikaze nichukue ya 2008 nisiwe mtu wa fundi kila wiki?" Na mtu anataka jibu la neno moja. Mie silitoi, kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye tangazo unakwambia mambo mawili tu, gari ilitoka kiwandani na vitu gani, na forodha watakukata kiasi gani. Haukwambii gari imeishi vipi. Na sie huku Zanzibar bahari imetuzunguka pande zote, gari inaliwa na chumvi hata ikiwa imesimama tu uani, kwa hio kazi ni mbili: kwanza unachagua mwaka ukiwa umekaa na kalamu, halafu unaichagua gari yenyewe ukiwa umelala chini yake na tochi. Ukifanya moja ukaiacha ya pili utakuja kulia.

Nazungumzia WRX na STI, yaani zile Impreza za tabo, kwa sababu ndio gari za spoti ambazo mafundi wetu wengi wameshazifungua wakazifunga, lakini hatua hizi hizi unaweza kuzitumia hata kwa Altezza ya Toyota au Roadster ya Mazda.

HATUA YA 1: Gari ya nini, na fundi wako ni nani

Hii fupi lakini usiiruke. Ukiwa unakaa Fumba na kazi yako Mjini, basi kila asubuhi uko kwenye foleni, gari ya manyuali yenye klachi ngumu itakuchosha goti ndani ya mwezi. Ukiwa gari ni ya Ijumaa na Jumapili, unateremka Paje unarudi, hapo hesabu nyengine. Ukiwa Pemba jiulize mara mbili, kwa sababu spea ikikosekana Chake ndio usubiri boti kutoka Unguja au Dar, na fundi mwenye mashine nzuri ya kusoma kompyuta ya Subaru humpati kila kona.

Fundi ndio nusu ya uamuzi. Gari ya zamani fundi mzuri anaisikiliza kwa sikio, anafungua, anaona. Gari ya karibuni bila mashine anabahatisha, na kubahatisha kwenyewe unalipa wewe. Nenda kwa fundi wako KABLA hujaagiza, muulize ameshafungua injini ngapi za EJ (injini za Subaru za miaka mingi), na ameshawahi kugusa FA20 (ile mpya). Akikujibu kwa mapana na akakutajia sehemu zinazosumbua, umepata mtu. Akikwambia "zote sawa tu hizo", tafuta mwengine.

HATUA YA 2: Zijue sura zake na kilichobadilika

Hapa kaa vizuri maana ndipo penye nyama.

Ya mwanzo kabisa ni GC8 (herufi hizi ndio jina la chesesi, kila sura ina lake), ilitoka mwishoni mwa 1992 ikaenda mpaka 2000. Nyepesi, ndogo, na ndio ile watu wanayoikumbuka kwenye mashindano ya rali ikiwa rangi ya buluu na rimu za dhahabu. Mie naipenda mno lakini naiweka pembeni kwenye mwongozo huu, ntakwambia kwa nini nikifika kwenye pesa.

Ya pili ni GD, kuanzia Agosti 2000 mpaka 2007, na hii ina nyuso tatu. Ya kwanza macho ya mviringo, 2000 mpaka 2002. Novemba 2002 ikaja ya taa zilizokaa vizuri zaidi, halafu Juni 2005 ikaja ya macho makali kama ya mwewe ikaishia 2007. WRX ya kawaida ni GDA, injini EJ205 ya tabo, farasi 250, manyuali ya gia 5 au auto ya gia 4. STI ni GDB, EJ207, farasi 280, gia 6 manyuali tu, na breki za Brembo. Watu wengi wanafikiri tofauti ya nyuso hizi ni taa na bampa tu. Sio. Chukua STI peke yake: mpaka katikati ya 2004 matundu ya rimu yalikuwa 5x100, kuanzia toleo la E (kiwanda kinalipa kila badiliko herufi yake) yakawa 5x114.3, habu zikawa kubwa zaidi na rimu zikatoka upana wa inchi 7.5 kwenda 8. Kwa hio STI mbili zinazofanana kwa macho ya mpita njia, moja ya Machi 2004 na moja ya Disemba 2004, rimu za moja haziingii kwenye nyengine. Na bering za nyuma za zile za mwanzo zina sifa ya kuimba mapema, wuuuu, unaanza kuisikia ukifika spidi 60. Ukiwa na barabara zenye mashimo unajua mwenyewe itakuwaje.

Ya tatu ilianza Juni 2007, na STI yake, GRB, ikafuata Oktoba mwaka huo huo. Hii ilikuja haina buti, mkia umekatwa. Wengi waliichukia kwa sura lakini chini ndipo ilipobadilika: nyuma waliacha ule mfumo wa zamani wa straati wakaweka wa mikono miwili, kwa hio inakanyaga barabara mbovu kwa utulivu zaidi, farasi 308, na mfumo wa kuizuia gari isiteleze unakuja nayo. Uzito nao ukapanda, inakaribia kilo 1,480. WRX ya kawaida ya kizazi hiki kwa Japan iliitwa S-GT, jina la chesesi GH8, farasi 250 ile ile. Mwaka 2010 ikarudi STI yenye buti, GVB.

Angalia mtego hapa. Kuna STI ya auto inaitwa A-Line, GRF kwa isiyo na buti na GVF kwa yenye buti. Kijana anaona STI, anaona auto, anaona bei imetulia, anatuma pesa. Ile ndani yake sio EJ20 kama hizo EJ205 na EJ207, ni EJ25 ya cc 2,457, na EJ25 ya tabo inajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, khasa ikichezewa kompyuta au ikinywa petroli dhaifu. Sisemi usinunue kabisa, nasema ujue unachonunua.

Ya nne ilitoka Agosti 2014. STI ni VAB, bado EJ207, bado gia 6, na ndio ya mwisho ya EJ kwani iliishia 2019. Ndugu yake ni WRX S4, chesesi VAG, injini mpya FA20 inayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, farasi 300, auto ya CVT (ile isiyo na gia za hatua). FA20 ina cheni ya taiming badala ya mkanda, hilo zuri. Lakini kwa vile petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, vali zinajenga masizi na baada ya muda zinataka kusafishwa, na CVT ikiharibika huku kwetu wengi wanaishia kubadilisha nzima.

HATUA YA 3: Ujue mwaka wa kweli

Gari moja ina miaka mitatu na wauzaji wanakutajia ule unaowafaa. Kuna mwaka iliyotengenezwa, kuna mwaka iliyosajiliwa mara ya kwanza Japan, na kuna toleo. Gari inaweza kutoka kiwandani Novemba 2004, ikakaa kwa muuzaji, ikasajiliwa Februari 2005, tangazo likaandika 2005. Kwenye sura haina neno, kwenye kodi na kwenye kuagiza spea ina neno kubwa.

Namba za chesesi za gari za Japan hazifichi mwaka ndani yake kama zile namba ndefu za gari za Ulaya na Marekani. Kwa hio fanya hivi. Fungua boneti tafuta kile kibao kidogo cha bati chenye namba ya modeli, soma herufi ya NNE. Ikiwa GDBC ni toleo la C, ikiwa GDBF ni F. Hio herufi ndio inayokwambia kweli uko na uso gani na habu gani, hata kama mtu ameibadilisha bampa na taa, na wako wanaobadilisha sana tu, GD ya 2001 inavishwa macho ya mwewe inauzwa ya 2006.

Halafu uvute mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, chini pale unapofungwa kuna lebo ya kitambaa, mara nyingi imepigwa tarehe. Angalia mikanda yote minne. Mitatu ikisema 2005 na mmoja 2009, muulize mwenye gari ule mmoja ulibadilishwa kwa nini, maana mkanda haubadilishwi bure, mara nyingi ni ajali. Vioo vivyo hivyo, vyote vinatakiwa viwe na chapa moja. Kioo kimoja cha chapa nyengine, kilivunjika.

HATUA YA 4: Hesabu, na sio ya bei ya kununulia tu

Watu wanadhani ya zamani ndio rahisi. Ilikuwa zamani. Sheria ya Marekani inaruhusu gari iliyofikisha miaka 25 iingie bila masharti yao magumu, kwa hio GC8 zote zimeshafungukiwa, na GD za mwaka 2000 zimeanza kufungukiwa 2025. Maana yake yule Mmarekani mwenye dola zake anakaa kwenye mnada ule ule unaokaa wewe anagombea gari ile ile. Zilizo safi anazichukua yeye, zinazobakia kwa bei yetu ndio zile zilizochoka. Ndio maana GC8 nimeiweka pembeni, labda uikute hapa hapa kisiwani kwa mtu anayeijua na anayeipenda.

Upande wa forodha, vitu viwili vinabeba mzigo: umri wa gari na ukubwa wa injini. Gari iliyochakaa umri inaongezewa ushuru, kwa hio bei ndogo ya Japan usiifurahie kabla hujaiona kodi. Kwa injini, EJ20 ina cc 1,994, iko chini ya ule mstari wa 2,000, na EJ25 ya cc 2,457 imeuvuka. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni cha gari zilizotumika, kipige kwa miaka miwili mitatu tofauti uone inavyocheza, kisha nenda ofisini kwao hapa Zanzibar na karatasi yako uulize kabla hujatuma hata senti, na uulize ZBS (shirika la viwango la Zanzibar) kuhusu cheti cha ukaguzi kinachotakiwa gari kabla haijapakiwa. Ukiwa na nia ya kuja kuivusha gari Bara siku za mbele, uliza na hilo siku hio hio.

Halafu weka akiba. Mie ushauri wangu angalau moja ya tano ya bei ya gari uiache pembeni usiiguse, iwe ya mkanda wa taiming, pampu ya maji, plagi, oili zote mpaka ya difu, na tairi nne. Ukiona ukiiacha hio akiba ile ya 2008 huiwezi, basi wewe ni mtu wa 2005, na sio aibu. GD iliyohudumiwa inakufikisha Nungwi na kukurudisha, GRB isiyo na pesa ya huduma inakaa uani kwenye matofali.

HATUA YA 5: Soma karatasi ya mnada mwenyewe

Usikubali kutumiwa picha tu. Omba karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari. Maksi 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inakubalika kwa gari ya umri huu, ukiona R au RA au 0 gari ilipigwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro A ni mchubuko, U ni kibonyeo, W ni pahala palipopakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Sie watu wa visiwani kuna herufi mbili za kuzitolea macho kuliko zote: S na C. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Gari kutoka Hokkaido, Aomori au Niigata zinapita kwenye theluji na barabara zao zinamwagiwa chumvi kila msimu wa baridi, inarukia chini inakaa kwenye kona. Gari kama ile ukiileta huku umeitoa kwenye chumvi umeitia kwenye chumvi. Mie nikiona S chini ya gari sijali ni ya 2003 au 2013, naachana nayo. GD ya maeneo ya kusini yenye maksi 3.5 na mikwaruzo kumi ya A naichukua mbele ya GRB yenye maksi 4 na S moja, mkwaruzo ni rangi tu.

HATUA YA 6: Kama gari iko hapa hapa, lala chini

Ntakuhadithia kitu. Mdogo wangu alipata GDA ya 2006, nyeupe, macho ya mwewe, dalali akaileta uani inang'ara, bei nzuri, ndani harufu mpya. Akanipigia nije niitie baraka. Nilikwenda na vitu vitatu, tochi, kipande cha mkeka, na sumaku ya spika kuukuu nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Nikaipitisha sumaku mlangoni, ikashika. Nikaipitisha juu ya matao ya tairi za nyuma, kulia ikashika, kushoto ikaanguka chini kama nimeiweka kwenye ubao. Nikainama. Ukingoni mwa tao rangi ilikuwa imevimba vipele vidogo vidogo, ukubwa wa punje ya mtama, nikakibonyeza kimoja kwa kidole gumba kikapasuka, ndani unga wa kahawia umelowa, na chini yake puti ya pinki ya kuzibia, ndio maana sumaku haikushika. Nilipolala chini nikaona na fremu ya nyuma inayobeba difu, nyundo haikuhitajika, nikikwangua kwa ufunguo wa nyumba yanatoka maganda kama ya kitunguu. Gari ilikuwa imeishi miaka imeegeshwa ufukweni. Mdogo wangu alishatoa kishika mkono na dalali hakukirudisha.

Mwezi wa pili yake akanunua GDA ya 2003 kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiilaza ndani ya banda. Rangi imefifia, siti imechanika, dashibodi ina ufa. Chini, kavu, undakoti ya kiwandani bado inaonekana. Anaendesha mpaka leo. Miaka mitatu nyuma ya ile nyeupe kwenye karatasi, lakini kwa uzima iko mbele.

Kwa hio ukilala chini angalia: matao ya nyuma kwa ndani na nje, sehemu ya juu ya shokapu za nyuma (toa lile zulia la buti uone), fremu ya nyuma, mabomba ya breki, na viungo vya ekzosti. Kwenye vyuma vya aluminiamu angalia unga mweupe kama chumvi ya jikoni, ukiuona umetanda gari imekaa pwani muda mrefu. Mwenye gari akikukataza kuinyanyua kwa jeki, shukuru umalize.

HATUA YA 7: Injini na mwendo

Fika asubuhi, gari iwe BARIDI, na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ya moto anaficha kitu.

Vuta stiki ya oili kwanza. Hizi injini za bapa, EJ yoyote, zinakufa kwa kukosa oili kuliko kwa kitu chengine chochote: oili ikiteremka, bering za konrodi zinakosa kulowa, na hapo injini nzima imekwenda. Oili ikiwa chini ya alama kwa mtu anayeiuza gari yake, yaani hata siku ya kuonyesha hakujali, fikiria siku nyengine. Nusa pia, oili ikinuka petroli si kheri.

Washa. Mlio wa kugonga wa juu juu unaoondoka injini ikipata moto mara nyingi ni pistoni, wengi wanaishi nao. Mlio wa chini, mzito, dug dug dug unaokuwa mkali ukikanyaga mafuta kidogo ukaachia, huo ni bering ya konrodi, funga boneti uage. Fungua kifuniko cha rezeva ya maji (sio cha rejeta, utaungua) injini ikiwa inanguruma, ukiona mapovu yanapanda mfululizo gasketi ya hedi inavujisha.

Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kwa EJ ni kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Hakuna risiti, hesabu haujabadilishwa, na usiziamini kilomita za odometa, angalia pedali na usukani vimelika kiasi gani.

Sasa tairi, na hapa ndipo wengi wetu tunapojiulia gari. Subaru inavuta kwa tairi zote nne, kwa hio zote nne ziwe saizi moja, chapa moja na zimelika sawa. Ukinunua tairi moja ya mtumba Darajani ukaichanganya na tatu kuukuu, zile tofauti za milimita chache zinaifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Pita gari kwenye kona kali polepole sana, usukani umekatwa mpaka mwisho, ikiwa inashikana na kurukaruka kama inazuiwa, difu ya kati inaumwa. Soma na zile tarakimu nne za tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Barabarani, manyuali ya gia 5 isikilize khasa gia ya tatu, ndio dhaifu yake, kwaruzo au kuruka yenyewe ikatae. Tafuta kipande kirefu kama njia ya Tunguu mapema asubuhi, panda gia polepole, kanyaga, sikiliza tabo inavuta sawa bila kukohoa, achia, tazama kioo cha nyuma, moshi wa buluu ni oili. Usijaribu spidi mitaani tafadhali. Kuna watoto wa skuli, kuna boda, na usiku kuna gari za ng'ombe hazina hata taa moja.

Malizia kwa kupima kompresheni kila silinda. Ni saa moja ya fundi, na ni bei ndogo mno ukilinganisha na injini.

HATUA YA 8: Mwaka gani basi?

Nnavyoona mie, kwa mtu wa kawaida hapa Unguja anayetaka spoti ya kutumia kweli, mpangilio wangu uko hivi. Nafasi ya kwanza naipa GD za mwisho, 2005 katikati mpaka 2007, toleo F na G. Kiwanda kilikuwa kimeshajifunza makosa ya mwanzo, spea zipo, mafundi wanazijua, na bado hazijafikia ile miaka 25 ya Wamarekani. Ukikosa hio, GD ya 2003 mpaka 2005 iliyo kavu chini. Ya macho ya mviringo usiichukue labda iwe safi kupita kiasi.

Mwenye familia na mwenye pesa ya akiba, GRB au GH8 ya 2008 mpaka 2010. Ile suspensheni ya nyuma utaishukuru kwenye matuta, na ukumbuke kwenye matuta ya Jozani yale ya kuwalinda kima punju kila gari iliyoteremshwa inakwaruza tumbo, kwa hio gari iliyofungwa springi fupi omba na zile za asili upewe. GH8 ya auto kwa foleni za Mjini ni starehe.

VAB kama pesa ipo na unataka kukaa nayo miaka kumi, haina mpinzani. S4 mie bado naiogopa kwa ajili ya CVT, mpaka siku nitakayoona mafundi watatu hapa wanaoifungua bila kutetemeka.

Kuna jambo la petroli ambalo ni la miaka yote. EJ za tabo za Japan zilitiuniwa kwa petroli yao ya oktani ya juu ambayo kwenye vituo vyetu huipati. Kompyuta ikisikia injini inagonga inarudisha nyuma moto, unapoteza nguvu kidogo lakini inajilinda. Anayekwambia akutiuni upate farasi 350 kwa petroli yetu ya kawaida anakuuzia bering. Na gari ambayo imeshatiuniwa na mwengine, bila kujua na nani, mie siinunui, ya 2003 wala ya 2017.

HATUA YA 9: Ikishafika

Kabla haijapata hata wiki moja, ipeleke ikaoshwe chini kwa maji ya presha, ikauke kabisa siku mbili za jua, ndio upake undakoti. Ukipaka juu ya chumvi na unyevu umeifungia kutu ndani ya nyumba yake. Toa vizibo vidogo vya mpira chini ya milango uone kama njia za maji ziko wazi.

Halafu maji. Visima vingi vyetu vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, ukiyaonja tu unajua, na vijana wa kuosha gari wanayatumia hayo hayo. Tafuta pahala penye maji matamu, hata kama pako mbali kidogo. Ukitoka ufukweni osha chini siku hio hio, sio Ijumaa ijayo. Wakati wa kusi upepo unaleta vumbi la maji ya bahari mpaka nyumba za mstari wa tatu, kwa hio ukiwa unakaa Chukwani au Mazizini upande wa pwani, egesha pua ya gari ikitazama baharini ili matao ya nyuma yasipigwe moja kwa moja.

Oili badilisha kila kilomita 5,000, stiki uivute kila unapojaza petroli mara ya pili. Ukitoka mwendo mkali usizime hapo hapo, iachie injini dakika moja ingurume ili tabo ipoe. Risiti zote, hata ya plagi moja, tia kwenye bahasha moja na uandike kilomita juu yake kwa mkono wako.